Nyumba Isiyo na Chumvi

Kikombe kilimponyoka mdogo wake mwalimu mkononi, chai ikatapakaa mezani, na mwalimu hakusema kitu. Aliinuka, akachukua kitambaa, akafuta, akarudi kukaa. Mama naye hakusema kitu. Nyumba ile ilikuwa imeshazoea kunyamaza, kila mtu akidhani anamstahi mwenzake, kumbe kila mtu anaogopa peke yake.

"Kimeteleza tu," mdogo wake alisema. Maneno yalimtoka mazito, yamegandana, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mdogo wake huyo mtaani walimwita Sekunde. Alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba mteja wa pili ilibidi asubiri nje. Lakini watu walitoka mbali kumfuata. Saa iliyowashinda wengine, ile ambayo mafundi wenzake wameitikisa, wameipuliza na kuirudisha kwa aibu, yeye aliifungua taratibu, akaweka kioo jichoni na kuacha kuvuma wimbo wake. Akiacha kuvuma, ujue ameuona ugonjwa. Angeweza kuokota skrubu ambayo mimi na wewe tungeidhania ni punje ya vumbi, akaitia mahali pake bila kugusa kitu kingine. Mikono ya namna hiyo ndiyo iliyoshindwa na kikombe cha chai.

Mwalimu alikuwa dada yake mkubwa. Alifundisha kemia shule ya sekondari. Aliwahi kuolewa, akarudi nyumbani, na habari hiyo tuiache. Tangu arudi, kazi yake ya kwanza ilikuwa shuleni na ya pili ilikuwa kumchunga mdogo wake bila yeye kujua kwamba anachungwa, ingawa bila shaka alijua.

Maana Sekunde aliwahi kuugua. Miaka ya nyuma akili yake ilipanda juu kama maziwa yanayochemka ukiwa umegeuka. Halali, hali, anaongea bila kituo, anacheka mpaka machozi. Siku moja walimkuta kibandani amefungua saa za wateja wote na kumimina magurudumu yake kwenye sinia moja. Anasema watu wa mji huu wanateseka kwa sababu kila mmoja ana wakati wake, sasa yeye atawatengenezea wakati mmoja. Baada ya moto ule likaja jivu. Alilala akiutazama ukuta miezi mizima, na kumnyanyua akaoge ilikuwa kama kumnyanyua maiti. Mpaka alipopatikana daktari wa maradhi ya akili aliyempa vidonge vya lithiamu. Vidonge hivyo vilimrudisha. Havikumfanya mtu mwingine, vilimrudisha yeye mwenyewe, na wimbo wake, na mzaha wake, na mikono yake.

Lakini mwalimu hakurudi kamwe kulala usingizi wa zamani. Mdogo wake akicheka sana, anainua uso. Akichelewa kuamka, anasukuma mlango kidogo. Kwa hiyo ile mitetemeko ilipoanza, yeye ndiye aliyeiona kwanza. Mwanzoni ilikuwa ya vidole. Ikapanda hadi viganja. Kisha tumbo likamharisha, akasema ni joto. Kisha akaanza kutembea akiwa amepanua miguu, akigusa ukuta kila baada ya hatua mbili tatu, kama mtu anayetembea nyumba isiyo na taa.

Na yote hayo yalikuja majuma machache baada ya Mama kuambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda na apunguze chumvi.

Mama hakuwa mtu wa kupunguza. Alikuwa mtu wa kung'oa. Alirudi kutoka kliniki, akamwaga kopo zima la chumvi kwenye karo, akafungulia maji, akatupa na vile vipande vya kuungia mchuzi vilivyobaki kwenye pakiti. Tangu siku hiyo mchuzi ukawa wa limau na vitunguu, viazi vikawa viazi vitupu, na aliyelalamika alijibiwa, "Sipiki sufuria mbili mimi. Anayetaka chumvi akalie machozi ayalambe." Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye habari ya panya ikipita kinywani mwake hutoka na pembe, aliwahi kuonja mchuzi ule akatikisa kichwa. Sekunde akamwambia, "Mjomba, nyumba hii chumvi imebaki kwenye maneno yako tu." Walicheka sana siku ile. Mwalimu alicheka pia, kisha akamtazama mdogo wake kuona kama kicheko kitakoma kwa wakati wake. Kilikoma.

Sasa asubuhi hii ya kikombe, Mjomba aliingia wakiwa bado mezani. Alimtazama mpwa wake, akakitazama kile kitambaa kilicholowa chai, akamvuta mwalimu hadi uani.

"Ameanza tena," alisema kwa sauti ya chini. "Usinidanganye, nina macho."

"Safari ile hakuwa hivi, Mjomba. Safari ile alikuwa anaruka. Sasa hivi hata kijiko kinamshinda."

"Wazimu nao una njia zake. Mwongezeeni dawa. Hiyo anayokula imeshamzoea."

"Dawa haiongezwi hivihivi."

"Basi mpelekeni kwa daktari wake."

"Nikitoka shule mchana nitampeleka. Nishampigia, yuko." Alimshika Mjomba mkono. "Tafadhali, asiongezewe kitu. Nitarudi mapema."

Alikwenda shule moyo ukimdunda. Njiani alijiuliza lile swali alilokuwa akilikimbia juma zima: kama dawa imeshindwa, kuna nini tena baada yake? Aliukumbuka ule ukuta na ile miezi.

Kipindi chake cha kwanza kilikuwa cha kidato cha tatu, na somo lilikuwa jedwali la elementi. Jedwali lenyewe lilitundikwa ukutani, kubwa, limepauka upande wa dirishani. Mwalimu alilipenda somo hili kuliko yote, na siku nyingine angelifundisha akitabasamu. Siku hiyo alilishika kama mtu anavyoshika reli ya ngazi.

"Tukienda hivi," alisema, akipitisha rula kutoka kushoto kwenda kulia, "tabia zinabadilika hatua kwa hatua. Huku kushoto metali laini, zenye pupa ya kutoa elektroni. Katikati hapa zinaanza kusitasita. Huku mwisho ni gesi zisizotaka kutoa wala kupokea, zimejitosheleza. Na atomi zenyewe, mnadhani zinakua au zinasinyaa tukienda kulia?"

"Zinakua!" darasa zima.

"Zinasinyaa. Kiini kinazidi kuwa na nguvu, kinavuta elektroni zake karibu. Sasa tushuke." Aliishusha rula kwenye safu ya kwanza. "Lithiamu, sodiamu, potasiamu. Kila tukishuka atomi inanenepa, ile elektroni moja ya nje inakuwa mbali zaidi na kiini, inashikwa kwa ulegevu zaidi. Ndiyo maana lithiamu ukiitia kwenye maji inachemka kistaarabu, sodiamu inakimbia huku na huku, potasiamu inawaka moto kabisa. Pupa inaongezeka. Lakini tabia ni ya ukoo mmoja, kwa sababu wote wana elektroni moja tu ya nje. Wanaungana na klorini kwa namna ileile, wanatoa chumvi nyeupe ileile kwa macho."

Msichana mmoja wa mbele, mcheshi asiyejua kukaa na neno, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, chumvi ya jikoni ikiisha naweza kutia ya lithiamu kwenye maharage na tumbo lisijue?"

Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu aligeukia jedwali ajibu. Rula ilikuwa bado imesimama kati ya miraba miwili, lithiamu juu, sodiamu chini yake, imegusana kama watoto wa kitanda kimoja. *Tumbo lisijue.* Alimkumbuka mhadhiri wake wa chuo, aliyewahi kuwaeleza kwamba zamani kuna wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi wakapewa ya lithiamu badala yake, na baadhi yao wakafa. Aliwaeleza kama kisa cha kupitisha muda, na yeye alikiandika pembeni akakisahau.

Wagonjwa waliokatazwa chumvi.

Damu ilimwenda mbio masikioni. Mwili unaokosa sodiamu unafanya nini? Unaibana. Figo haziachii hata chembe. Na figo hazijui kusoma jedwali. Zikikutana na ndugu yake sodiamu, mwenye sura ya sodiamu, zitambana na yeye pia. Kila kidonge alichokula Sekunde majuma haya hakikutoka chote. Kimebaki. Na cha kesho yake kikabaki juu yake.

"Mwalimu?" yule msichana alisema, kicheko kimemtoka usoni. "Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema mwalimu. "Someni ukurasa huo mpaka mwisho. Naomba mnyamaze." Akatoka na rula mkononi, akimpita mwalimu wa zamu bila kumjibu salamu.

Simu ya nyumbani iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Na tena. Mama alipopokea, sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha zaidi.

"Afadhali, mwanangu. Ametulia. Amelala."

"Amelala vipi, Mama?"

"Amelala tu. Mjomba wako alimpa kimoja cha ziada, akatapika kidogo, kisha akatulia."

Mwalimu aliibana simu sikioni. Alijiegemeza kwenye ukuta wa ofisi. "Mama, nisikilize. Usimpe kitu kingine. Mwamshe. Mkalishe. Nakuja."

Alichukua teksi, na njia nzima hakuweza kuegemea kiti. Alikaa ukingoni, akimwambia dereva "kata hapa, kata hapa" kwenye njia ambayo dereva aliijua kuliko yeye. Kichwani alikuwa anabishana mwenyewe. Huenda amekosea. Huenda anamnyima mdogo wake dawa inayomshikilia, na kesho atamkuta kibandani anamimina magurudumu. Na kama hajakosea, huenda amechelewa. Alijaribu kukumbuka ni lini alimwona mara ya mwisho akivuma wimbo, akashindwa.

Alimkuta Sekunde amekaa kitandani ameegemezwa mito, mdomo umelegea upande mmoja, mikono ikirukaruka juu ya shuka yenyewe kwa yenyewe. Macho yalimtambua dada yake, lakini yalichukua muda kufika.

"Da...da," alisema. "Nimelewa?"

"Hujalewa, baba. Simama, tunatoka."

Mjomba alisimama mlangoni. "Mnampeleka wapi katika hali hii? Mtu akiwa anatulia mwacheni atulie. Mkimpeleka hospitali kuu watamfungia kule kwenye wodi ya vichaa, mtamtoa lini?"

"Mjomba, hajatulia. Anazama."

"Wewe ni mwalimu, si daktari."

"Ndiyo maana nampeleka kwa daktari!"

Hakuwahi kumpigia Mjomba kelele maishani mwake.  Mama ndiye aliyewakatiza. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi, hajui anaipeleka wapi. Akaiweka chini. "Shika mkono huu," alimwambia Mjomba, "na mimi nishike huu. Maneno tutamalizia huko."

Kwenye mapokezi ya hospitali palikuwa na foleni, na bwana wa mapokezi alimtazama Sekunde anavyoyumba, akanusa hewa kidogo. "Amekunywa nini huyu?"

"Hajanywa pombe. Anatumia lithiamu, na nadhani imemzidi mwilini." Mwalimu alisikia sauti yake ikipanda. "Kaka yangu, nakuomba. Asikae kwenye foleni."

Yule bwana alimtazama tena, safari hii macho yakaenda kwenye ile mikono inayorukaruka. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na muuguzi na kiti cha magurudumu.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na uso wa mtu asiyepoteza muda. Mwalimu alianza kumwaga yote kwa mkupuo, jedwali, figo, kikombe. Daktari alimsikiliza huku akimwinulia Sekunde kope, akimgonga goti, akimwambia afuate kidole chake kwa macho. Macho yaliruka, hayakufuata.

"Ameharisha? Ametapika?"

"Vyote."

"Chakula chake kimebadilika? Chumvi?"

Mwalimu alijibu, "Majuma haya hali chumvi kabisa. Nyumba nzima."

Daktari alimgeukia muuguzi. "Damu, sasa hivi. Kiwango cha lithiamu na figo. Na mwekeeni dripu ya maji ya chumvi, tusisubiri majibu." Kisha kwa mwalimu, taratibu kidogo: "Umefanya vizuri kumleta. Sasa tuachie."

Kukaa kwenye lile benchi la korido kulikuwa kugumu kuliko mbio zote za asubuhi. Kule kulikuwa na la kufanya. Hapa hapakuwa na kitu isipokuwa harufu ya dawa ya kudekia na mlango wa kioo cha ukungu ambao kila ukifunguka anatoka mtu asiyewahusu. Mjomba alitembea huku na huku. Mwisho akaja kukaa, akaupangusa uso kwa kiganja.

"Kile kidonge," alisema.

"Hukujua, Mjomba."

"Uliniambia. Uliniambia kabisa, nikasema huyu mtoto anajua nini."  Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

Mama alikuwa ameyasikia maneno ya daktari, na akili yake ilikuwa ikiyageuzageuza. "Maji ya chumvi," alisema hatimaye. "Amesema wamwekee maji ya chumvi. Kwa nini chumvi?"

Mwalimu alitamani kusema uongo. Alimtazama mama yake, mikono imefumbatwa mapajani, mwanamke aliyekuwa anajaribu tu kuishi zaidi kidogo na watoto wake. "Ile dawa yake na chumvi ni ndugu, Mama. Wanafanana mno. Mwili ukikosa chumvi unashika kila kinachofanana nayo, hauachii. Kwa hiyo dawa ilikuwa inaingia bila kutoka."

Mama aliielewa mara moja. Aliielewa vizuri kuliko mwanafunzi yeyote, na mwalimu aliiona ikimwingia. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe."

"Niliimwaga yote. Uliniambia nimpikie yake kando nikasema sipiki sufuria mbili."

"Mama, mimi ndiye ninayefundisha haya. Mimi nimekaa meza moja na wewe, nimekula mchuzi huohuo, jedwali nalitundika ukutani kila mwaka, sikuliona. Kama tunagawana lawama, nigawie na mimi."

 Mama alimsogelea, akamlaza begani, na mwalimu alihisi mwili wa mama yake ukitetemeka, akashtuka, kisha akaelewa kwamba ni kilio tu.

Majibu yalikuja mchana. Lithiamu ilikuwa zaidi ya maradufu ya inayotakiwa. Figo zilikuwa zimechoka lakini zinafanya kazi. Wangeendelea na dripu, wangepima tena na tena, na ikigoma kushuka wangemhamishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Atakuwa sawa?" Mama aliuliza.

Daktari hakukimbilia kujibu. "Maisha yake, nadhani ndiyo. Mikono na maneno, wengi hurudi. Wachache hawarudi vyote. Siwezi kukuahidi, mama."

Jibu hilo walikaa nalo siku zilizofuata kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Mwalimu alitoka shule moja kwa moja hadi wodini, akajifunza kuusoma uso wa muuguzi tangu mlangoni. Siku ya kwanza Sekunde alilala tu. Siku iliyofuata alimwita muuguzi kwa jina la mjomba wake. Lakini kiwango kilianza kushuka, mashine haikuhitajika, na asubuhi moja mwalimu alimkuta amekaa mwenyewe, anajaribu kufunga vifungo vya shati, amekunja uso. Kifungo kilikwepa, akakifuata. Kikakwepa tena. Mwalimu alibana mikono yake nyuma ili asimsaidie. Mwisho kiliingia, kwenye tundu lisilo lake, shati likakaa upande.

"Usicheke," Sekunde alisema. Maneno yalikuwa bado mazito, lakini yalikuwa yake.

"Sijacheka."

"Unaniangalia mikono. Siku zote unaniangalia mikono na usingizi na kicheko. Niangalie uso, dada. Niko hapa."

Alimwangalia uso. Ulikuwa umekonda, ndevu zimeota ovyo, na macho yalikuwa yamefika mara moja, bila kuchelewa. Alitaka kumwambia mengi. Alichoweza kusema ni, "Daktari wako amekuja. Anataka kukuanzishia tena, kidogo kuliko mwanzo, na watakupima damu kila mara."

Sekunde alitazama dirishani. "Nikikataa?"

Moyo wa mwalimu uliruka. Maneno yote ya kumsihi yalimjaa kinywani, akayameza. "Ukikataa tutazungumza naye pamoja, tuone kuna njia gani nyingine. Wewe ndiye unayemeza."

Sekunde aliendelea kutazama dirishani. Nje watu walikuwa wanaanika shuka. "Nimeiogopa," alisema mwisho. "Lakini ule ukuta nauogopa zaidi. Mwambie nitaanza."

Mama aliingia wakati huo na kapu lake, Mjomba akimfuata amebeba chupa ya chai. Akatoa sufuria mbili ndogo zenye vifuniko, moja akaiweka mbele ya mwanawe, nyingine akaibakiza mapajani mwake. Alikuwa amerudi kliniki kuuliza upya. Wamemwambia yeye aendelee kupunguza, kupunguza si kung'oa, na mwanawe ale chumvi ya kawaida, kila siku kiasi kilekile, isipande wala isishuke.

Sekunde alionja, kijiko kikigonga meno kidogo. Wote watatu walimtazama.

"Imezidi," alisema.

"Haijazidi!" Mama alikuja juu. "Nimeipima kwa kijiko cha chai, nikauliza jirani, nikaonja mwenyewe mara tatu na presha yangu hii..."

"Mara tatu, Mama? Na umekatazwa?"

Wakaanza kubishana, yeye akimeza polepole, Mama akimpangusa kidevu bila kuacha kufoka, Mjomba akitafuta pa kuingilia. Mwalimu aliwaacha wakiendelea. Alitoka hadi mwisho wa korido penye bomba la kunawia, akafungulia maji yatoe sauti, akalia, ndipo akanawa uso na kurudi ndani kula.